Mbegu ya Nchi Kubwa

To.

Ndiyo sauti ninayoikumbuka mpaka leo, na ilikuwa ndogo tu: kichwa cha kitunguu saumu kikipita katikati ya pete ya plastiki na kuangukia kwenye beseni. To. Kisha kingine, to. Mnunuzi aliishika ile pete kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alizidondosha saumu za mama yangu moja moja, bila haraka, kama mtu anayelisha kuku. Kichwa kilichopita kwenye pete kilikuwa kimekataliwa. Alichokuwa anatafuta ni kile kitakachokwama. Nilikuwa nimesimama dirishani kwa nje ya ofisi ya kijiji, nikisubiri kimoja kikwame. Hakuna kilichokwama.

Mama alikuwa amekaa benchi la mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani. Saumu zile alikuwa amezichagua mwenyewe, zilizo kubwa kuliko zote alizowahi kuvuna, akazifuta vumbi kwa upande wa ndani wa khanga ili zisichubuke. Mnunuzi alipomaliza, meza ilikuwa tupu na beseni limejaa.

"Mama, saumu yako ni nzuri sana," alisema. Alikuwa kijana mpole, sitamsingizia. "Harufu nimeisikia tangu nashuka kwenye gari. Tatizo ni saizi. Soko la kule linataka saizi."

Mama akajibu, "Asante," kana kwamba amepewa kitu.

Nieleze tulivyofika pale. Habari za mkataba alituletea baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye redio haimtoki begani hata akiwa anakamua ng'ombe. Alikuja jioni moja na maziwa mkononi akasema nchi yetu imetiliana saini na nchi kubwa, ile ya ng'ambo ya bahari ambayo vitu vyake vimejaa kwenye kila duka la Mbulu, kuanzia tochi mpaka kandambili. Jina lake sitalitaja. Pale kwetu hatukulitaja pia, tuliiita nchi kubwa na kila mtu akaelewa. Walikuwa wamekubaliana bidhaa zivuke bila ushuru.

"Bila ushuru ndiyo nini?" nikamuuliza. Mimi shule niliishia kidato cha pili, na hayo mambo tulikuwa hatujayafikia.

"Ni kama siku mlinzi wa lango la mnada hayupo," akasema. "Unapita na ng'ombe wako, hakuna wa kukuuliza. Sasa piga picha. Wale watu walivyo wengi, kila mmoja wao akila punje moja tu ya saumu kwa siku, Mbulu nzima tutalima mpaka juu ya paa na haitatosha."

Nilipiga picha. Kupiga picha ndiyo kazi ninayoiweza kuliko kulima, mama husema hivyo kila siku. Nilimwona mwanamke wa kule, kwenye nyumba ndefu yenye madirisha mengi, anabangua saumu yetu, machozi yanamtoka kwa ukali wake, anamwita mumewe aje anuse. Anamuuliza, hii imetoka wapi? Na mume anageuza mfuko, anasoma jina la kwetu, analitamka vibaya. Nilicheka peke yangu jikoni hadi mama akauliza kama nimekula kitu.

Ila kuna jambo lazima ulijue kabla sijaendelea, maana bila hilo utaona ninalia kwa ajili ya mboga. Kwetu mbegu ya saumu hainunuliwi dukani. Mama aliolewa akaja na mashada ya saumu aliyopewa na bibi yangu, na bibi alipewa na mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma hadi kwa watu nisiowajua hata makaburi. Mbegu inakaa jikoni, kwenye kichanja juu ya mafiga, moshi unaipita mwaka mzima. Na ina sheria moja: kichwa kikubwa hakiliwi. Siku ya kuvuna, kabla mtu hajaonja, mama hupita akichagua vikubwa na kuvisuka pembeni. Tunakula vidogo, tunauza vya katikati, vikubwa vinapanda kichanjani kusubiri kupandwa. Nilijua pale juu lipo na shada langu, siku nikiolewa, ingawa mwenye kunioa alikuwa bado hajajitokeza.

Nyumba isiyo na mbegu yake watu husema wamekula mbegu. Ni neno zito. Mlevi anaweza kusamehewa, na mwizi wa kuku pia akishalipa. Lakini mwanamke aliyekula mbegu akipita njiani, wenzake wanateremsha sauti. Kuna nyumba moja iliambiwa hivyo nilipokuwa mdogo, wakahama, wakaenda Balangdalalu. Wengine wanasema walifuata ardhi tu. Sijui. Ninachojua ni kwamba mama hajawahi kwenda kwa mtu kuomba mbegu, na wake wa majirani wanaoanza maisha wamekuwa wakija kwake.

Basi, siku ile ya pete, mnunuzi alipoona nyuso zetu, alifungua mkoba wake akatoa kichwa kimoja cha saumu akakiweka mezani. Watu wote tukasogea. Kilikuwa cheupe kama karatasi, kikubwa kama ngumi ya mtoto, na chini, mahali pa mizizi, kimenyolewa kikawa laini kabisa. Aliiweka pete juu yake. Ikakaa pale kama kofia.

"Hii ndiyo saizi," akasema. "Mkinipa ya namna hii, nakuja na lori."

Aliyeongea kwanza ni jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mama wa makamo ambaye yeye na mama yangu hawapatani kwa sababu ya zamu za maji. Mimi namwita mama mkubwa kwa heshima, lakini ulimi wake unajulikana hadi Dongobesh.

"Baba, hiyo saumu imetoka wapi?"

"Imetoka kule kule, mama. Ni sampuli."

"Kule kule kwenye soko lako?"

"Ndiyo."

"Sasa kama wanazo kubwa hivyo, sisi wanatutafutia nini? Tukawasalimie?"

Ofisi nzima ilicheka, na mimi dirishani nilicheka. Tulimcheka yeye, kwa sababu ni mtu wa kupinga. Hata zahanati ilipojengwa alisema mlango umeelekea vibaya. Mnunuzi naye alitabasamu, akasema masoko ni mapana mama, kila mtu ana nafasi yake. Mama yangu hakucheka. Alikuwa anakiangalia kile kichwa cheupe kama ninavyomwona akimwangalia mtoto mchanga wa watu.

Njiani alimwambia jirani, "Umetuaibisha mbele ya mgeni."

"Aibu ni ile siku uliyonikatia maji mchana kweupe," jirani akajibu, akakunja kona ya kwake.

Zile zilizokataliwa zilirudi kichanjani, na za katikati tukazipeleka mnada wa Basotu, upande wa Hanang, ambako mama ana wateja wake wa miaka. Ni wanawake wa wafugaji. Wao hawalimi saumu, ila wanaitaka kwa kifua cha watoto. Huwa wanamwita Mama Mbulu, wanakuja wenyewe, wanavunja punje moja, wananusa, wananunua, halafu wanakaa kidogo kuongea habari za malisho. Siku ile tulitandika turubai letu mahali petu pa kawaida na kupanga mashada. Wakapita. Walitusalimia vizuri, wakapita.

Mmoja, aliyekuwa rafiki wa mama kweli, alirudi akachuchumaa. "Mama Mbulu, nisikudanganye. Nimeshanunua pale kwenye gari. Hazina harufu, lakini kumenya ni rahisi na bei ni nusu."

Tukaangalia alikoonyesha. Lori dogo lilikuwa limepandisha pazia la nyuma, na ndani yake, hadi juu, kulikuwa na mifuko ya neti. Saumu nyeupe. Zote saizi moja, zote zimenyolewa chini, kama zimetoka kwa kinyozi. Kijana wa gari alikuwa anapiga kelele kwamba ni mzigo mpya, hauna ushuru, ndiyo maana bei imeshuka.

Nilishtuka. Sijui nitalielezaje hili bila kuonekana mjinga, lakini ndivyo ilivyokuwa: hadi dakika ile sikuwa nimewaza kwamba wao pia watapita. Nilidhani mkataba ni mteremko unaoshuka kuelekea kwao tu. Baba mdogo alikuwa amesema lango halina mlinzi, na mimi nikaona ng'ombe wetu wakitoka. Ng'ombe wao sikuwaona wakiingia. Na sasa walikuwa wamefika Basotu, mahali ambapo hata mkate wa dukani unafika umechoka, na walikuwa wamefika kabla hata yetu haijavuka daraja la kwanza.

"Mama," nikasema, "si walisema wanataka za kwetu?"

Aliinuka, akaenda hadi kwenye lile gari, akasimama mbele yake muda mrefu. Halafu alifungua fundo la khanga, akanunua neti. Si ndogo, ile kubwa. Akarudi ameikumbatia. Moyo uliniuma, jamani, niliona kama ameenda kula kwa adui.

"Tutakula hizi?"

"Nani ale?" akasema. "Kubwa hailiwi."

Ndipo nilipoelewa, na huzuni yangu yote ikageuka furaha hapo hapo, maana mimi sichelewi. Ilikuwa ni akili ile ile ya bibi. Ukitaka saumu kubwa, panda kubwa. Vizazi vyote vya kwetu vilifanya hivyo na havikukosea. Kama nchi kubwa imetuletea vichwa vikubwa hadi mlangoni, kwa bei ya chini, basi imejiletea yenyewe mbegu ya kuishinda. Njia nzima ya kurudi, tukipita kando ya mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, mama alikuwa na uso mwepesi. "Yule kijana akirudi na pete yake," alisema mara moja tu, "atashangaa."

Bonde letu si kubwa. Majaruba ya mama kando ya mfereji yanatosha mbegu ya aina moja, na alisema ukipanda aina mbili utajikuta unaipendelea moja kwa maji. Kwa hiyo alipanda juu ya kigoda, akashusha mbegu yote ya zamani kutoka kichanjani. Kubwa kubwa. Nyingine akawauzia mama ntilie wa Dongobesh, nyingine tukala. Nakumbuka Jumapili ile tulipika nyama, mama akanipa kichwa kikubwa nikimenye. Nilikizungusha mkononi kama mara mbili hivi nikitafuta mahali pa kuanzia, kwa sababu maishani mwangu nilikuwa sijawahi kukigusa cha saizi ile kwa kisu. Maganda yake yalikuwa na michirizi ya zambarau. Kilikuwa kikali, kilinitoa machozi ya kweli.

"Na shada langu?" nikauliza.

"Lako litakuwa la hizi mpya. Wakwe watakuheshimu."

Nikaridhika. Nilikuwa nimeshaanza kumwona mama mkwe akiita majirani waje waone.

Tulipanda masika yalipoanza kupungua. Punje zenyewe zilikuwa nene kama kidole gumba, tunazichomeka ncha juu, tunafunika kidogo. Zilichelewa kuota. Baadhi zilioza chini ya udongo zikatoa harufu ya ajabu, mama akasema ni uchovu wa safari. Lakini zilizoota, ndugu yangu, ziliota. Majani mapana kama ya mahindi machanga, kijani kilichokolea, yakapanda hadi gotini, yakapita goti. Watu waliokuwa wakienda kisimani walikata kona makusudi wapite kwetu. Baba mdogo alipiga picha kwa simu, mimi nimesimama katikati ya jaruba nimetabasamu, akamtumia mnunuzi. Mnunuzi akarudisha picha ya kidole gumba.

"Mmeona?" baba mdogo akawaambia watu. "Hicho kidole kimetoka mjini."

Jirani wa ng'ambo ya mfereji hakupita kuangalia. Alikuwa amepanda zake za kawaida, fupi, majani membamba. Kutoka kwetu ulikuwa unaona majaruba yake kama nywele za mtu mwenye nywele chache. Siku moja akichota maji upande wake alisema, bila kumwangalia mtu, "Majani hayasukwi mashada." Mama alijifanya hakusikia, na mimi nikaimba kwa sauti ili na yeye ajue hatujasikia.

Wakati wa kuvuna ulifika kwa watu wote. Majani ya wengine yalianza kuwa ya njano, yakalala, ndiyo dalili. Ya kwetu yalibaki yamesimama, kijani vile vile. Tukasubiri. Watu wakaanza kung'oa, nyumba baada ya nyumba, bonde likanuka saumu kama kila mwaka, na ya kwetu yamesimama.

Mchana mmoja mama alisema, "Hebu." Akavua ndala, akaingia jarubani, akachagua mmea mnene kuliko yote. Aliulegeza kwa jembe dogo pembeni, akauvuta taratibu kwa mikono miwili. Ulitoka. Chini kulikuwa na shina jeupe, nene, lililonyooka, na mizizi. Kichwa hakikuwepo. Nilidhani kimekatikia ardhini, nikapiga magoti nikachimbua kwa vidole, nikachimbua hadi kucha zikauma. Hakukuwa na kitu. Mama akaung'oa mwingine. Vile vile. Wa tatu ulikuwa na uvimbe kidogo, akaupasua kwa kisu: ndani yake ni tabaka juu ya tabaka kama kitunguu kichanga, hakuna punje hata moja. Unaelewa? Saumu isiyo na punje. Hakuna cha kula na hakuna cha kupanda tena.

Nilimwangalia mama nikisubiri aseme kitu. Kelele, kilio, chochote. Alichofanya ni kuchukua ule mmea wa kwanza, akaurudisha kwenye shimo lake, akaushindilia udongo kwa viganja pande zote mbili, vizuri, kama tulivyofanya siku ya kupanda. Akachota maji mferejini kwa kopo, akaumwagia.

"Bado," akasema. "Zinachelewa."

Bora angelia.

Baba mdogo alimpigia simu mnunuzi. Siku ya kwanza alisema anafuatilia, baadaye simu haikupatikana. Akaleta bibi shamba wa kata, dada mmoja mdogo mdogo mwenye pikipiki. Alipasua mashina kadhaa, akakaa kwenye ukingo wa mfereji, akatueleza kwa upole.

"Mama, mbegu hii ni ya nchi yenye majira mengine. Kule kuna baridi kali, halafu inakuja miezi ambayo siku ni ndefu sana, jua halizami upesi. Ikiona siku zimerefuka ndipo inajua muda wa kutengeneza kichwa umefika. Hapa kwetu jua linazama saa kumi na mbili Januari, saa kumi na mbili Julai. Haiwezi kujua."

"Kwa hiyo ikikaa zaidi?" mama akauliza.

"Itaongeza majani."

"Hadi lini?"

Bibi shamba akaangalia chini. "Mama yangu, hiyo siku inayoingoja haifiki huku."

Mimi katika maisha yangu sikuwa najua kama kuna mahali siku inarefuka. Nilidhani siku ni siku, Mungu ameikata moja akawagawia watu wote sawa. Nilishtuka zaidi kwa hilo kuliko kwa lile lori la Basotu. Watu wazima wenye suti walikaa mezani wakakubaliana nchi mbili ziwe kama moja, kila kitu kipite, na kwenye bonde letu ule mmea ulikuwa umesimama kwa utii kabisa ukingoja jua la kwao. Nikauonea huruma, naapa. Nilimwonea huruma mama, nikauonea na mmea.

Baba mdogo alikohoa, akasema, "Ushuru wameondoa, jua wamesahau." Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakucheka. Akaondoka na redio yake imezimwa, mara ya kwanza namwona hivyo.

Ungedhani ingeishia hapo. Lakini kesho yake asubuhi mama alichukua kopo akaenda kumwagilia. Na kesho kutwa. Zamu yetu ya maji ikifika, anafungua mfereji, anayaacha majani yanywe. Nikimwambia mama, bibi shamba amesema, ananiambia bibi shamba ni mtoto. Nikamwambia kichanja ni kitupu. Akasema anajua kichanja ni kitupu, jiko ni lake. Kwenye sala za jumuiya wanawake walianza kuteremsha sauti akiingia. Nilisikia neno lile likisemwa nyuma ya mgongo wake, na aliyelisema ni msichana ambaye mbegu yake ya kwanza aliipata kwetu. Mama alikaa wima, akaimba pambio lote. Msimu ujao ungefika, na nyumba yetu isingekuwa na punje ya kuchomeka ardhini, na yeye asingekwenda kwa mtu kuomba. Angekufa kwanza. Namjua.

Kwa hiyo nilivuka mfereji. Ilikuwa Alhamisi, mama yuko kanisani anafagia, ni zamu ya jumuiya yao. Jirani alikuwa uani anasuka mashada yake, saumu ndogo ndogo, michirizi ya zambarau, udongo bado kwenye mizizi. Harufu ile ilinipiga hadi nikasimama.

"Hodi. Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuchukua moto au habari?"

"Nimekuja kuomba mbegu."

Mikono yake ilisimama. Sikuwahi kuona ikisimama. "Nani amekutuma?"

"Sijatumwa."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

Akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, nimeyapanga majibu yote njiani, na sikuhitaji hata moja. Alivuta kigoda kwa mguu akanionyesha nikae.

"Usije ukafikiri mimi nina akili," akasema. "Zile nyeupe sikuziacha kwa akili. Niliziacha kwa sababu mama yako ndiye aliyezisifia. Angezisifia mwingine, ningepanda hadi mlangoni." Akaendelea kusuka. "Nami ningekuwa namwagilia majani saa hizi. Labda ningekuwa natukana watu zaidi yake."

Nilianza kulia, mimi huwa nalia tu. Aliniacha nilie, hakuninyamazisha.

"Mbegu ipo," akasema baadaye. "Lakini nikupe uipeleke wapi? Nikiangalia kwenu naona jaruba limejaa. Mtu ambaye jaruba lake limejaa hapewi mbegu, ni kumtukana. Nikikupa leo utaitundika jikoni, ataiona, atajua umeniomba huku yeye bado anasubiri zake. Hataigusa, nami nitakuwa nimekosana naye hadi kaburini, na bado tuna maji ya kugombania." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Siku nitakayoona udongo kule, nitavuka mwenyewe na shada kichwani, mchana, watu wakiona. Nitasema namlipa zile zamu nilizomwibia."

"Ulimwibia?"

"Alizoniibia yeye ni nyingi. Nenda."

Nilirudi nikasimama ukingoni. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, mazuri, yanameta maji ya asubuhi. Nikisema kweli, hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kwa jirani, maana kwenda kuomba ni mdomo tu, lakini hili lilikuwa kumwambia mama kwamba imekwisha, na yeye hayupo kunikataza. Niliangalia njia ya kanisani. Ilikuwa tupu. Nikavua ndala nikaziweka pembeni, nikaingia jarubani kuanzia kona ya mfereji, mahali panapoonekana vizuri kutoka ng'ambo. Nikainama, nikashika shina la kwanza chini kabisa, karibu na udongo, nikalivuta, nikalilaza ukingoni mizizi ikiangalia jua. Kisha nikashika linalofuata.